Kifaru cha Kikima na Minyororo Yake

Sisi Waswahili hatubabaiki na vitu vigeni. Kikitujia kitu tusichokijua, tunatazama kuna nini porini au nyumbani kinachofanana nacho, tunakipa jina, kisha tunaendelea na shughuli zetu. Chombo kirukacho tukakiita ndege. Bunduki kubwa itemayo moto tukaiita mzinga, kwa kuwa umbo lake ni la gogo la nyuki. Na lile gari la chuma lisilojali ukuta wala handaki, askari wetu walipolikuta vitani, wakaliita kifaru. Wala hawakukosea. Kifaru ana ngozi nene na macho hafifu, na akishaanza kukimbia haulizi njia.

Lakini lugha ina adabu zake. Ukisema "kifaru amekwama matopeni", msikilizaji anamhurumia mnyama. Ukisema "kifaru kimekwama matopeni", anauliza askari wangapi walikuwamo ndani. Herufi mbili tatu tu, na roho imeingia au imetoka. Kwetu tuliokalia mikeka ya chuoni, tofauti hiyo si ndogo. Ndiyo maana mafundi wa milango ya Lamu na Unguja aghalabu walichonga maua, mawimbi na minyororo, wakamwachia Mola kazi ya kuumba vyenye roho. Mnyororo kwenye fremu ya mlango kila mtu wa pwani anaujua. Nami leo nataka kuzungumza juu ya mnyororo, ila si wa mlango.

Waingereza wenyewe waliokibuni chombo hiki walikipa jina la uongo. Kilipokuwa kikiundwa, 1915 na 1916, ilisemwa kuwa yale ni matangi ya maji, ili adui asinuse habari. Tarehe 15 Septemba 1916 matangi hayo yakatokea katika vita vya Somme, Ufaransa, na jina likaganda hadi leo. Basi wao wana tangi lisilo maji, na sisi tuna kifaru kisicho roho. Naona letu ni zuri zaidi.

Kikima ni soko lililo juu ya milima ya Mbooni, katika kaunti ya Makueni. Mtu wa pwani akifika huko, jambo la kwanza atafutalo ni sweta, na la pili ni chai. Ukungu wa asubuhi unashuka mpaka milangoni mwa maduka. Mashamba yamekatwa ngazi ngazi ubavuni mwa mlima, na ngazi hizo zina jina ambalo wataalamu wa udongo duniani wanalitumia bila kulitafsiri: "fanya juu". Ni Kiswahili kitupu, kimesafiri kutoka vilima vya Ukambani mpaka kwenye vitabu vya vyuo vikuu, na sijaona mshairi hata mmoja wa pwani aliyejivunia.

Wakamba husimulia kuwa Mbooni ndiko wazee wao walikotua kwanza walipoingia nchi hii. Kutoka Ukambani ndiko ilikotoka misafara ya pembe za ndovu iliyoshuka Mombasa katika karne ya 19, kabla misafara yetu wenyewe haijazoea njia ya bara. Na Wakamba walisifika kwa jambo jingine, ambalo nawaomba wasomaji walikumbuke, maana tutalirudia: walikuwa mafundi hodari wa kufua mikufu myembamba ya shaba na ya chuma.

Sasa liko jambo la vifaru wa Makueni, nalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa ikiteremka bonde la Kabaw, kule Burma, katika mvua na matope, ikipigana na Wajapani. Alama ya divisheni hiyo ilikuwa kichwa cha kifaru. Miongoni mwa askari wa King's African Rifles walikuwamo Wakamba wengi, kwani kabila hili lilitoa askari kwa wingi. Mwaka huohuo, huku nyumbani, serikali ya kikoloni ilikuwa imemtuma mwindaji, J. A. Hunter, awamalize vifaru wa Makueni ili vichaka vifyekwe na watu wapewe mahali pa kukaa. Kati ya 1944 na 1946 mtu huyo aliua karibu vifaru 1,000. Kijana aliyekwenda Burma na kichwa cha kifaru begani, aliporudi Makueni hakumkuta mwenye kichwa.

Mwenyeji wangu wa Kikima ni mtoto wa mmoja wa vijana hao. Sitamtaja jina, kwa kuwa mwenyewe hakupenda. Mimi namwita Afande, naye huniita Maalim, na mazungumzo yetu yanakwenda hivyohivyo tangu tulipojuana Changamwe, ambako kaka yake alikuwa mchongaji katika ule ushirika wa Wakamba ulioanzishwa 1963. Kaka alichonga twiga na swala kwa ajili ya watalii. Mdogo mtu akaingia jeshini, akawa dereva wa kifaru. Cha chuma, si cha mpingo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Kenya iliagiza kutoka Uingereza vifaru vya Vickers Mark 3, vyenye mzinga wa milimita 105 na uzito wa karibu tani 40, na katika ujana wake Afande aliendesha kimoja. Leo amestaafu. Ana kahawa kidogo, maparachichi, ng'ombe wawili, na chumba kimoja nyuma ya nyumba ambamo mkewe haruhusiwi kufagia.

Nilipoingia chumba hicho nilidhani nimeingia karakana ya mtengeneza saa. Pana tupa ndogo kama sindano, jiliwa la mkono, keekee, chupa za rangi, na miwani mitatu ya nguvu mbalimbali. Mezani pana boksi la plastiki la kifaru aina ya T-72, alilopelekewa na mwanawe afanyaye kazi Doha. Kipimo ni moja kwa 35, yaani viwekwe 35 mkia kwa kichwa ndipo upate urefu wa chenyewe. Mtu atauliza, kwa nini 35, isiwe 30 au 40? Ni kisa cha biashara tu. Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilitaka kutengeneza kifaru cha kuchezea kiendacho kwa betri. Ukubwa ukapatikana kwa kupima nafasi ya betri na mota yake, kisha wengine wote wakaufuata. Dunia nzima inaunda vifaru kwa kipimo cha betri.

T-72 si kigeni kwa msomaji wa pwani. Tarehe 25 Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya MV Faina, nayo ilikuwa na vifaru 33 vya aina hiyo. Nahodha wake alifariki mikononi mwa watekaji. Meli ikaachiwa tarehe 5 Februari 2009 baada ya fidia ya mamilioni ya dola, na tarehe 12 ikatia nanga Kilindini. Mabishano ya nani mwenye mzigo, jeshi letu au watu wa Sudan ya Kusini, yalijaa magazetini na vibarazani kwa miezi. Afande alikwisha staafu wakati huo. Aliniambia kuwa katika picha zote za vifaru vile yeye hakutazama mzinga wala hakutafuta nani mwenyewe. Alitazama minyororo.

"Maalim," alisema, "raia akiona kifaru hutazama mzinga. Mtu wa vifaru huinama kwanza akatazama miguu."

Kisha akanipa darsa, na mimi mtoto wa chuoni najua kukaa darsani. Mnyororo wa kifaru ni pingili za chuma zilizofungamana kwa pini. Unazunguka gurudumu la meno, ambalo ndilo livutalo, na katika vifaru vingi vya siku hizi liko nyuma. Chini umelaliwa na magurudumu yabebayo uzito, na juu, katika baadhi ya vifaru, unashikiliwa na vigurudumu vidogo. T-72 ina magurudumu makubwa sita na vigurudumu vya juu vitatu kila upande. Baba yake, T-55, kile kilichoonekana Uganda katika vita vya 1979, hana vigurudumu vya juu kabisa. Mnyororo wake unalegea na kulala juu ya magurudumu matano, kama mkufu juu ya kifua cha mwanamke aliyenona.

Hapo ndipo penye mtihani wa waundaji wa mifano dunia nzima. Mnyororo wa kweli una uzito, na kitu kizito lazima kilale. Mfano mdogo hauna uzito. Basi utaufanyaje mnyororo mwepesi ulale kama mzito?

Maboksi ya bei nafuu huja na utepe wa mpira laini wa plastiki, kipande kimoja kila upande. Unaunganisha ncha mbili kwa kuyeyusha vishikizo kwa bisibisi iliyopashwa moto, unauvisha, kazi imekwisha kabla chai haijapoa. Kwa mtoto hakuna bora kuliko huo, kwa kuwa unazunguka. Lakini mpira haulali; unakaza. Ukiutazama juu ya vigurudumu umenyooka kama uzi wa mshipi ulionasa samaki. Waundaji huushusha kwa kuufunga nyuzi au kuubana kwa vijiti mahali pasipoonekana. Gundi ya kawaida haiushiki, na rangi huambuka ukiukunja. Tena uko ubaya wa siri: baadhi ya mipira ya zamani, ikikaa miaka ikigusana na magurudumu, dawa iliyomo ndani yake huyayeyusha. Unafungua kabati siku moja unakuta kifaru chako kimeoza miguu kama mgonjwa wa sukari.

Wengine hutoa mnyororo wa plastiki ngumu wa vipande virefu na vifupi. Mahali panaponyooka, chini na juu, ni kipande kimoja kirefu, na kilichokusudiwa kulegea kimekwisha chongwa kikiwa kimelegea. Mahali pa kuzunguka magurudumu ya mwisho unaunga pingili moja moja. Afande anausifu kwa mdomo, lakini niliona haupendi. "Ni mnyororo wa karani," alisema, "kila kitu kimekwisha amuliwa ofisini."

Kisha kuna pingili moja moja tangu mwanzo hadi mwisho. T-72 inahitaji zaidi ya 90 kila upande. Kila moja ukaikate kwenye fremu yake, uisugue makovu, uipange na wenzake kando ya rula, utie gundi ya maji, usubiri nusu saa hivi mpaka gundi iwe haijakauka wala haiko mbichi, ndipo uuvishe mstari mzima na kuubonyeza ulale. Ukiwahi, unavunjika vipande. Ukichelewa, umekuwa fimbo. Mpishi wa visheti anaujua wakati huo bila kufundishwa.

Na kwa wenye fedha kuna minyororo ya madini laini, kama ile ya Friulmodel, ambayo aghalabu huuzwa pekee, nje ya boksi. Kila pingili unaitoboa kwa keekee nyembamba kuliko sindano ya mkeka, unapitisha waya, unakata, unaendelea. Ikimalizika ina uzito wake yenyewe. Inalala bila kuombwa. Unaichovya katika dawa iwe nyeusi, halafu unapitisha msasa mahali panapogusa ardhi, pang'ae kama chuma kilichotembea. Bei yake yaweza kufika bei ya boksi zima, au kuipita. Siku hizi pia kuna pingili zinazochapwa kwa mashine kutoka kwenye kompyuta, zinaingiana kwa kubonyezwa tu. Mwanawe wa Doha ameahidi kumpelekea hizo. Afande hana haraka nazo.

Nilimuuliza ataivisha T-72 ipi kati ya hizo. Akajibu mpira, tena bila kufikiri. Mjukuu wake wa miaka 15 anaitaka, na mjukuu anataka kitu kiendacho. Nilishangaa. Mtu ametoa darsa ya saa nzima juu ya pingili, halafu anachagua utepe!

Ndipo alipoondoa gunia lililofunika kitu pembeni.

Kilikuwa Vickers. Si cha boksi. Dukani Nairobi hakukipata. Kilikuwa cha mbao za mukau, mti wa kwao, kimechongwa kwa kipimo cha moja kwa kumi, urefu kama mkono wa mtu mzima kutoka begani. Mnara, mzinga, vifuniko, taa, hata ndoano za kuvutia, vyote mahali pake. Magurudumu sita kila upande yalizunguka kwa kusukumwa na kidole. Lakini hakikuwa na minyororo. Kilisimama juu ya matofali mawili kama gari lililoibiwa matairi.

Kifaru hicho ni cha watoto wa rafiki yake, mtu wa Kwale, aliyekuwa mpiga mzinga katika Vickers aliyoiendesha yeye. Walikaa pamoja ndani ya chuma kile miaka sita, mmoja akifunga Ramadhani na mwingine akimpikia futari juu ya jiko la mafuta la kifaru. Rafiki alifariki miaka miwili iliyopita. Binti yake alimpigia simu Afande, akamuomba picha ya baba yake akiwa na kifaru chake. Picha haikuwako. Kambini kamera ilikuwa marufuku, na wao walikuwa vijana watiifu. Basi kinachojulikana juu ya chombo kile, na namna rafiki yake alivyokaa juu yake, kiko katika kichwa cha mzee mmoja wa Kikima ambaye miwani yake imefika mitatu, na daktari amemwambia kuwa sukari imeanza kula macho.

Na kwa nini ahangaike na minyororo, asivishe mpira kama T-72? Kwa sababu ya kidole. Siku moja mazoezini, katika nchi ya mawe meusi kaskazini, mnyororo wa kushoto ulikatika. Kifaru kilichokatika mnyororo, aliniambia, ni nyumba isiyo na choo: huwezi kwenda, na hakuna anayetaka kukaa. Walikuwa peke yao, redio haikusikika. Walifanya kazi usiku kucha na siku iliyofuata kuivuta ncha kwa ncha kwa nyaya na mitaimbo, kutoa pingili iliyopasuka na kutia nyingine. Wakati wa kutia pini, mnyororo uliteleza, ukachukua vipande vya vidole viwili vya rafiki yake. Pini ikaingia. Wakarudi. Binti aliniambia baadaye kuwa baba yao alihesabu tasbihi kwa kidole gumba na kile cha shahada, na watoto wote walijifunza kuhesabu hivyo wakidhani ndiyo suna.

Basi minyororo ya Vickers hiyo ilikuwa kesi, na kila mtu nyumbani alikuwa na hukumu yake.

Mjukuu alisema ukatwe mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, ugundiwe vipande vya tairi kama akala. Utazunguka vizuri. Babu yake alikataa kwa neno moja. Mjukuu hakukata tamaa. Akaja na mnyororo wenyewe wa bodaboda, uliochakaa, akasema tufunge vibati juu ya kila pingili. Hilo lilikuwa wazo zuri, na najua waundaji wengi wamelitumia mahali pengi. Una uzito, unalala, una pini za kweli. Walilijaribu siku mbili. Kasoro yake ni kuwa pingili za bodaboda ni fupi mno, na mnyororo ulizunguka gurudumu la meno laini kama maji. Wa kifaru hauendi laini. Unavunjika pembe pembe ukizunguka, na kila pingili inagonga jino kwa sauti yake. Afande alifumba macho, akausikiliza, akatikisa kichwa.

Kaka mtu, mchongaji wa Changamwe, alipiga simu kushauri uchongwe wa mbao, kipande kimoja na mwili, uhesabike kuwa sanamu. Kwa mchongaji ni sahihi. Mimi pia nilidhani hivyo kwa muda, maana watoto wa Kwale watakiweka juu ya kabati, hawatakiendesha. Nikasema hivyo. Afande hakunijibu, alichukua kipande cha mbao alichokwisha chonga kwa majaribio, kizuri kweli, akanipa. Nilikigeuza. Kila pingili ilikuwa imeonekana, lakini hakuna iliyoweza kutoka. Nikaelewa. Katika mnyororo wa mbao hakuna pingili iwezayo kupasuka wala kubadilishwa, na habari yote ya rafiki yake ni habari ya pingili moja iliyobadilishwa.

Ikabaki njia ndefu: bati, likatwe, likunjwe, litiwe pini. Bati la madebe ya mafuta ya kupikia lipo tele sokoni Kikima. Alikwisha tengeneza kumi hivi, kila moja ina masikio yanayoingiana na ya jirani yake kama bawaba za kasha, na pini ya spoku ya baiskeli. Zilikuwa safi. Nilizipima mkononi, zikalala kiganjani kama zinavyotakiwa kulala. Hapo ndipo mtu wa pwani alipopata la kusema.

"Afande," nikamwambia, "hii itakaa hapa Kikima miaka hamsini. Kwale haimalizi misimu miwili."

Watu wa bara hawaujui upepo wetu. Hawajaona bawaba ya dirisha lililoelekea bahari ikigeuka unga. Debe la mafuta ni chuma kilichopakwa bati jembamba, na ukilikata, kingo zote ziko uchi. Chumvi itaingia kwenye masikio ya kila pingili, kutu itazivimbisha, na mnyororo uliofanywa ili ulale utasimama kama mfupa. Mafundi wetu wa majahazi walipaka sifa ya papa kulinda mbao, lakini sikumshauri, kwa kuwa nyumba ile ina wageni. Mafuta ya cherehani yangesaidia mwaka, kisha nani atakumbuka kupaka?

Afande alikaa kimya kitambo. Akauliza bawaba za milango yetu ya zamani zilikuwa za nini, na zile njumu zilizochomoza. Nikamwambia nyingi ni shaba. Hugeuka rangi, hazioshi mikono ya bahari, lakini hazioti kutu.

Asubuhi yake alishuka sokoni na mjukuu wake mpaka kwa mafundi wa magari, akarudi na rejeta bovu la lori la zamani. Mahodhi ya rejeta hizo, juu na chini, yalikuwa ya shaba. Alilipa bei ya kilo, akalipasua uani, akalinyoosha bati lake kwa nyundo ya mti juu ya gogo. Nilimkumbusha habari za babu zake na mikufu yao ya shaba. Alicheka, akasema babu zake hawakuwa na rejeta.

Mfano wake ulihitaji pingili 94 kila upande, 188 kwa jumla. Mkono wa mzee ukakubali kukata na kukunja. Kutoboa matundu ya pini, macho yalikataa. Kijana wa bodaboda ndiye aliyeishika keekee, na sikusikia tena neno la mpira. Walifanya nane kila usiku baada ya kukama ng'ombe. Nane ni kipimo nikijuacho: ni mizani ya mshororo mmoja wa utenzi. Nikamwambia anatunga. Akanijibu kuwa mshairi akikosa mizani moja anazomewa, lakini yeye akizidisha pingili moja upande mmoja, mnyororo utalegea, utaruka meno, na akipunguza moja utakaza mpaka magurudumu yasizunguke. Akachukua uzi, akauvuta juu ya vigurudumu vya juu, akanionyesha kwa ukucha nafasi kati ya uzi na mnyororo. Hivyo ndivyo walivyopima kambini kila asubuhi. Mpiga mzinga alishika ncha moja ya uzi, dereva ncha nyingine.

Mimi niliteremka kabla hawajamaliza. Kifaru kilishuka pwani kabla ya Ramadhani, ndani ya kasha la mbao, Afande akikipakata kwenye treni kutoka Emali kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Niliungana naye Miritini, tukavuka feri pamoja. Nyumbani kwa marehemu watoto walikizunguka, mjane akabaki mlangoni akitazama kwa mbali. Binti alikisukuma taratibu juu ya sakafu ya saruji. Mnyororo ukagonga meno, pingili baada ya pingili, na Afande akageuza uso dirishani.

Pingili zote alizitia dawa zikawa nyeusi. Moja ya upande wa kushoto, karibu na gurudumu la tatu, aliiacha shaba tupu, inang'aa kama pete. Binti akauliza, hii mbona imesahauliwa? Akamwambia kuwa pingili mpya kwenye mnyororo wa zamani hung'aa hivyo wiki nzima, mpaka vumbi liizoee, na kwamba hii ndiyo ile baba yako aliyoitia.

Mjane alikuja kutoka mlangoni, akachuchumaa, akaigusa kwa ncha ya ukanga. Kisha akauliza kama inaruhusiwa kuipaka mafuta.